Foleni ya Walioapa Kutosaini

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hawakusema fahali hao wakioana nyasi zinafanywa nini. Mama Mlango alikuja kujua mwenyewe, bila kusimuliwa.

Jina la Mama Mlango alipewa kazini. Alikuwa mhudumu wa ndege katika kampuni ya sare nyekundu, na katika kampuni ile kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyethubutu kuivunja: aliyetangulia kuajiriwa ndiye anayetangulia kuchagua. Kabla ya kila safari wahudumu walikusanyika katika chumba chao chenye kioo kirefu na pasi isiyopoa, na mkubwa wao kwa miaka ya kazi akataja kwanza mahali atakaposimama ndani ya ndege. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu, mpaka yule aliyeajiriwa juzi, ambaye hakutaja kitu. Yeye aliachiwa nyuma kabisa, jirani na choo, apokee harufu na lawama. Hata kwenye gari la kuwapeleka uwanjani, mdogo hakukaa dirishani mkubwa akiwa bado hajapanda. Mtu aliweza kumjibu mumewe, akamjibu na rubani, lakini zamu ya mkubwa haikuchezewa.

Mama Mlango alikuwa mkubwa wa wakubwa. Mwaka nenda, mwaka rudi, alichagua mlango wa mbele. Alisimama pale akiwakaribisha abiria, huku akiwatazama mikono zaidi ya nyuso, kwa kuwa uso hufundishwa kudanganya tangu utotoni, ila mikono hakuna anayeikumbuka. Alimjua mlevi kabla hajanuka. Alimjua bwana anayesafiri na asiyekuwa mkewe, kwa jinsi alivyombebea mkoba.

Lakini ukubwa ule haukuwa wa kujivunia tu. Safari za mwezi nazo ziligawanywa kwa desturi ileile, na yeye akachagua zile za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Alikuwa na binti mmoja tu, msichana wa sekondari, mwenye kifafa. Ugonjwa ulimjia usingizini, kimyakimya, bila kelele ya kumwamsha mtu. Kwa hiyo mama alilala milango ikiwa wazi, sikio moja kwenye mto wake na jingine chumba cha pili. Baba mtu aliondoka zamani, akasema anakwenda kutafuta maisha, kana kwamba yale aliyoyaacha nyumbani yalikuwa kitu kingine. Hakukuwa na wa kumwachia. Kulala ugenini, kwa Mama Mlango, hakukuwa kulala.

Ndipo kampuni ya wekundu na kampuni ya buluu, ambazo kwa miaka yote zilikuwa zikitukanana kwenye matangazo, zikatangaza kwamba zimeungana.

Harusi ilifanyika ndani ya karakana ya ndege. Kulikuwa na keki yenye umbo la ndege, bawa moja jekundu, jingine buluu, na wakurugenzi wawili wenye matumbo yaliyotangulia mbele ya tai zao wakaikata pamoja, wakashika kisu kimoja, wakalishana. Nyuma yao lilining'inia bango: MABAWA MAWILI, MOYO MMOJA. Wahudumu walisimamishwa mstari nyuma ya kamba, wapige makofi. Keki haikuvuka kamba.

Kando ya Mama Mlango alisimama shoga yake aliyeitwa Kijiko, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa wembe. Jina lile alilipata kwa tabia yake ya kuhesabu vijiko vya kampuni mbele ya abiria wa daraja la juu huku akiwaangalia mifukoni.

"Mabawa wao, moyo wao," Kijiko akanong'ona. "Sisi je?"

"Sisi ni magurudumu," Mama Mlango akamjibu. "Ndege ikisharuka tunafichwa."

Haikupita muda wakaitwa kumsikiliza meneja mpya. Huyu alikuwa na cheo ambacho mtu mwenye haya asingekubali kuitwa nacho: Meneja wa Furaha ya Wafanyakazi. Alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka kama mdomo wa kasuku, bila soksi, na tabasamu la mtu anayekupa pole kabla ya msiba. Akawasha mashine, ukutani likatokea duara lililokatwa vipande vya rangi.

"Kipande hiki ni mafuta," akasema. "Hiki ni viwanja. Hiki ni matengenezo. Na hiki chekundu, mama zangu na baba zangu, ni ninyi."

Watu wakajitazama ukutani.

"Mbona tumenona hivyo?" Kijiko akauliza.

"Hapo ndipo penye tatizo, mama. Mmenona kuliko biashara inavyoweza kubeba."

"Na wewe uko kipande gani?"

"Swali zuri sana," meneja akasema, akabadilisha picha.

Akawaeleza mkataba mpya. Kila mmoja angeanza upya, kana kwamba ameingia kazini asubuhi hiyo. Miaka ya nyuma ingebaki kwenye kumbukumbu na shukrani za kampuni. Ndani ya ndege wangepungua hadi idadi ya mwisho ambayo sheria inaivumilia. Wakilala ugenini, wangelala wawili chumba kimoja, wajuane zaidi. Ndege ikitua, wangeifagia wenyewe. Na wale wahudumu wa akiba, wanaokaa nyumbani na begi lililofungwa wakisubiri kuitwa mwenzao akiugua, wangeondolewa wote.

"Mtu anayelipwa kukaa na begi," meneja alisema, "ni anasa."

Kisha akatoa lile alilokuwa amelihifadhi hadi mwisho. Kila mmoja angepewa namba mpya ya ukubwa, na namba hizo zingefuata atakavyowahi kusaini. Wa kwanza kusaini ndiye namba moja, wa mwisho ndiye mkia. Mkataba wa zamani ungekufa pamoja na kampuni ya zamani, adhuhuri ya siku ya mwisho wa mwezi. Atakayekuwa hajasaini saa hiyo si mfanyakazi wa mtu yeyote.

Meneja alikwisha kusikia habari ya desturi yao, na inasemekana aliicheka sana huko ofisini. Akaona watu wanaogombea kiti cha dirishani kwenye gari hawashindwi kukanyagana kwa ajili ya namba. Hapo hakukosea sana.

Jioni ile chama cha wahudumu kilifanya mkutano. Mwenyekiti wa chama alikuwa mhudumu mwenzao, mwanamume mwenye sauti nene ambayo angani aliitumia kutangaza juisi na ardhini kutangaza mapambano. Akapanda juu ya kiti.

"Ndugu zangu, mkono huu," akauinua, "utakauka kama kuni kabla haujasaini karatasi ile."

Wakapiga makofi. Wakaapa wote, wakashikana mikono. Mama Mlango alimshika Kijiko, na kati ya viganja vyao kulikuwa na jasho. Hakujua ni la nani.

Siku moja kabla ya adhuhuri ile, binti yake alimkuta jikoni akisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Mama, utasaini?"

"Tumeapa."

"Nimeuliza utasaini. Sijauliza kama mmeapa."

Mama Mlango akaigeuza sufuria, akaanza upande wa nyuma. "Nikiwa wa mwisho watanipa safari za kulala huko. Siku tatu, siku nne. Nani atakuwa hapa?"

"Kwa hiyo sababu ni mimi."

"Nani kasema?"

"Macho yako. Tangu mchana unanitazama kama begi lililozidi kilo."

"Usinichezee."

"Sichezi. Mama wa jirani amesema anaweza kuja kulala na mimi."

"Mama wa jirani? Yule akilala, mwizi humfunika shuka kwanza ndipo aibe."

Binti akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka. "Ukisaini, saini kwa sababu unataka. Sitaki baadaye niambiwe niliuza watu nikiwa nimelala."

Mama Mlango akairudia sufuria. Mtoto wa siku hizi, akajisemea, hunyonya maziwa na kutoa meno papo hapo.

Asubuhi yake aliondoka mapema, jua likiwa bado linajivuta. Hakuvaa sare. Alijifunga mtandio mkubwa uliokuwa wa marehemu mama yake, akavaa miwani myeusi na ndala, akapita njia ya nyuma ya maghala ili asionwe na mtu. Njiani alijitetea kwa sauti ndogo. Aliwaambia wenzake, ambao hawakuwapo, kwamba wao hawana mtoto kama wake. Aliwaambia kwamba mtu mmoja hawezi kuvunja umoja. Alipofika jengo la kampuni mpya akaingia kwenye korido ndefu, yenye kuta nyeupe na mimea ya plastiki, inayoishia kwenye mlango wa kioo wa ofisi ya meneja.

Foleni ilikuwa imeshafika katikati ya korido.

Walikuwapo wote. Walioapa kwa mkono wa kulia na walioapa kwa mikono miwili. Kila mmoja alikuja peke yake, kila mmoja kwa njia ya siri, na kila mmoja amejifunika kitu. Kulikuwa na miwani ya jua ya kutosha kufungua duka. Kijiko alivaa kofia ya mwanawe, ameishusha mpaka puani.

"Nimekuja kuulizia mkoba wangu uliopotea," Kijiko akasema kabla hajaulizwa.

"Naona leo mikoba imepotea mingi," Mama Mlango akamjibu.

Na mbele kabisa, bega likigusa kioo, alisimama mwenyekiti, amevaa suti ya harusi.

"Mwenyekiti," Kijiko akaita. "Mkono haujambo? Haujakauka?"

"Nimekuja kuchunguza hali," mwenyekiti akasema, akiitazama dari.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo meneja, pamoja na madaraka na duara lake, asingeweza kulipanga. Msichana mmoja aliyeajiriwa karibuni, aliyekuwa mbele kwa kuwahi kuamka, aligeuka akamwona Mama Mlango amesimama nyuma yake. Mwili ukamtangulia akili. Akasogea pembeni.

"Mama, pita."

Aliyekuwa mbele ya msichana naye akageuka, akasogea. Kisha wakaanza kuulizana, kwa minong'ono, nani aliingia lini, nani alimkuta nani, na foleni nzima ikaanza kujichambua kama mchele kwenye ungo. Watu waliokuwa tayari kuuzana hawakuwa tayari kukosa adabu. Mkubwa alipita, mdogo alirudi. Mwenyekiti alikishikilia kile kioo.

"Leo ni nani kawahi," akasema. "Kampuni imesema."

"Mwenyekiti, ulinikuta kazini ukiwa hujui kufunga tai," Kijiko akamwambia. "Nilikufunga mimi. Shuka."

Akashuka. Akashuka tena, na tena, kwa kuwa aliowakuta kazini walikuwa wengi, mpaka akafika kwenye mmea wa plastiki ulio karibu na mwisho.

Mama Mlango akawa mbele. Pale penye kioo palikuwa na viti viwili vya kusubiria. Kabla hajakaa, upande wa pili wa korido likatokea kundi jingine la watu waliojifunika miwani. Hawa walikuwa wa buluu, nao walikuwa wameapa kwao. Wakaongozwa na mwanamke mnene, mfupi, mwenye hatua nzito za mtu asiyepishwa bure.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza.

"Mimi," Mama Mlango akasema.

"Uliingia lini?"

Swali lilikuwa jepesi, na Mama Mlango alijua kwamba angeweza kujibu lolote. Hakuna mtu wa buluu aliyejua mambo ya wekundu. Mwaka mmoja wa uongo, miwili, ungetosha. Namba moja ilikuwa pale mbele, nyuma ya kioo, pamoja na usiku wote wa mtoto wake. Ulimi ulijiandaa. Lakini alikuwa akiwaona wenzake waliorudi nyuma mmoja mmoja kumpisha, wakiwa na watoto wao na shida zao, na ile nafasi aliyosimama walimpa kwa sababu moja tu, kwamba ilikuwa kweli.

"Nilikuwa bado mwanafunzi wa kazi hii," akasema, "mwaka ule wa mvua zilizofunga uwanja."

Mwanamke wa buluu akacheka kwa pua. "Mvua zile zilinikuta ndani ya ndege. Tulikwama matopeni, abiria wanalia, nami nagawa juisi."

Mama Mlango aliikumbuka ndege ile, imezama kwenye tope pembeni ya njia. Aliitazama dirishani mwa darasa siku nzima na wanafunzi wenzake.

"Basi dada," akasema, "wewe ndiye mbele."

"Wewe mwanamke," Kijiko akamsonya kwa nyuma, "namba moja unaigawa kama karanga?"

"Haikuwa yangu."

Wa buluu nao wakaingia kwenye foleni, nani lini, nani kabla ya nani, mpaka rangi mbili zikachanganyika barabara kuliko zilivyochanganyika kwenye keki. Wanawake wawili wa mbele wakakaa kwenye viti vyao. Yule wa buluu akavua miwani.

"Nilikuja nisije nikawa wa mwisho," akasema polepole. "Sasa nimekuwa wa kwanza, naona aibu kunyanyuka."

Mama Mlango alikuwa anatazama mikono. Nyuma ya kioo meneja alikuwa amepanga kalamu zake safu moja. Akazipanga tena. Akatazama saa ya ukutani, akapapasa simu mfukoni, akaiacha, akaipapasa. Mama Mlango aliijua mikono ile. Ni ya abiria aliyeficha kitu kwenye begi na anaomba begi lisifunguliwe. Mama Mlango alikuja hapa akiamini kwamba wenye hofu wako upande huu wa kioo tu. Sasa akageuka akaitazama korido, akawaza ndege zote zitakazoruka mchana ule, na wahudumu wote ambao bila wao sheria haiziruhusu kuruka, nao walikuwa wamesimama pale mbele yake. Wa akiba hawakuwapo. Walikuwa anasa.

"Dada," akanong'ona, "usinyanyuke."

"Kwa nini?"

"Ukikaa wewe, mimi siwezi kukupita. Na nikikaa mimi, tazama nyuma, hakuna wa kunipita."

Mwanamke wa buluu akageuza shingo yake fupi, akaitazama ile foleni iliyopangika. Akajiegemeza kwenye kiti, akapakata mkoba.

Mlango ukafunguliwa. "Karibu, namba moja," meneja akasema, meno yote nje.

"Nafikiri kwanza."

"Sawa, mama. Basi wa pili aingie."

"Siwezi kumpita mkubwa wangu," Mama Mlango akasema.

"Wa tatu?"

"Wakubwa bado," Kijiko akasema. Alikuwa amevua kofia.

Meneja akaanza kutembea kando ya foleni, viatu vikidonoa sakafu, akimsihi mmoja mmoja. Kila mmoja alimjibu vilevile: wakubwa bado. Wengine hawakujua kinachoendelea, walijibu kwa mazoea, na hao ndio waliojibu kwa nguvu zaidi. Alipofika kwenye mmea wa plastiki, mkono mmoja uliinuka. Watu wa kulia wakamtazama mwenyekiti. Watu wa kushoto wakamtazama. Mwenyekiti akautumia mkono ule kujikuna sikio.

Jua lilipanda. Simu ya meneja ikawa haikai mfukoni. Alirudi kwenye viti vya mbele, tai imelegea.

"Mama zangu, tuongee kama familia."

"Familia?" Kijiko akauliza. "Si tulikuwa kipande cha duara?"

Adhuhuri ikafika, mkataba wa zamani ukafa kama walivyoahidiwa, na watu wote wale hawakuwa tena wafanyakazi wa mtu. Kijiko akamwambia meneja kwamba kwa kuwa sasa wao ni wageni wa ofisi, mgeni hukaribishwa chai. Na chai ikaletwa, ikanywewa kwa zamu, wakubwa kwanza. Huko uwanjani abiria walikuwa wanapiga meza. Wakurugenzi wa keki wakaja mbiombio, kila mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba hawa ni watu wako hawa.

Wakurugenzi walikubali lililowauma mara moja na kuahirisha lisilowauma. Miaka ya kila mtu ingehesabiwa, ya nyekundu na ya buluu, kwa siku aliyoingia kazini. Wa akiba wangerudishwa. Uchache ndani ya ndege ungebaki, chumba cha wawili kingebaki, na fagio lingebaki, mpaka hali itakapotengemaa, na hali ya kampuni haijawahi kutengemaa upande wa fagio. Mwanamke wa buluu akanyanyuka, akasaini. Mama Mlango akafuata. Nje ya jengo mwenyekiti aliwaeleza waandishi wa habari jinsi alivyoongoza mapambano, mkono juu, mbichi kabisa.

Wiki iliyofuata Mama Mlango, katika safari ya kwenda na kurudi aliyoichagua, alijikuta pamoja na mwanamke wa buluu. Kwenye chumba chenye kioo kirefu wote wakamsubiri mkubwa ataje. Akataja mlango wa mbele. Hakuona haya, wala hakutakiwa kuona. Mama Mlango, asiyejua kusimama pasipo na mlango, akachukua wa nyuma, akapokea harufu, na ndege ilipotua wakaifagia pamoja, namba moja akianzia mbele, namba mbili akianzia nyuma, wakakutana katikati kwenye makombo ya biskuti.

Jioni binti alimkuta amekaa sebuleni, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Kwa hiyo siku hizi wewe si Mama Mlango."

"Wa nyuma nao ni mlango."

"Karibu na choo?"

"Mbele yake kidogo."

Binti akamnyooshea taulo. "Ila umerudi."

"Nimerudi."

"Basi leo ukilala, funga mlango wa chumba changu. Unaniletea baridi."

"Huo haufungwi," Mama Mlango akasema, akaendelea kujikausha vidole.